WANANCHI KWANZA, WA MASISI BAADAYE

Wananchi wa Kirolirwe, wa Kitchanga na wa Mweso, na ninyi ndugu mnaoshinda mashimoni Rubaya na Bisie mkitoa mawe msiyojua yanakwenda wapi, leo tunawaandikia habari ya kura. Tunajua wako watakaocheka. Watasema: mtu amekimbia mara nne, ng'ombe wake wameliwa, shamba lake la maharage limevunwa na askari, naye mnamletea habari ya karatasi ya kutia sandukuni! Sisi tunasema mtu huyo ndiye mwenye haja ya kura kuliko tajiri wa Kinshasa. Tajiri ana fedha ya kumsemea, na mwenye bunduki ana bunduki. Mchimbaji ana nini?

Chama kinachotawala Kinshasa, UDPS, kina neno lake la siku zote: Wananchi kwanza. Ni neno zuri. Lilisemwa na watu waliokuwa wakipigwa, na neno la mtu anayepigwa lina uzito. Lakini tangu kiongozi wa chama hicho alipoapishwa kuwa Rais, tarehe 24 Januari 2019, tumekuwa tukihesabu, na kila tukihesabu tunaona kwamba katika hao wananchi wa kwanza sisi wa Masisi hatumo. Tumewekwa baadaye, na hiyo baadaye haina tarehe.

Hata hivyo tumpe kila mtu haki yake. UDPS hakikuzaliwa hotelini kama vyama vingi vya siku hizi, ambavyo wanachama wake ni bwana mmoja, mkewe na dereva wake. Tarehe 1 Novemba 1980 wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ya kurasa 52 wakimweleza wazi ubovu wa utawala wake. Wakati ule chama kilikuwa kimoja tu, MPR, na kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa, apende asipende. Wabunge wale walikamatwa, wakafungwa, wakahamishwa kupelekwa vijijini mbali. Tarehe 15 Februari 1982 wao na wenzao wakaunda chama, nacho chama cha pili kilikuwa ni kosa kwa sheria. Mtu aliyeunga mkono UDPS mwaka 1985 hakutarajia gari wala cheo. Alitarajia kupigwa viboko.

Mobutu alikubali vyama vingi tarehe 24 Aprili 1990, kwa kuwa dunia ilikuwa imemgeuka. Ukaitishwa Mkutano Mkuu wa Taifa, na tarehe 15 Agosti 1992 wajumbe wake wakamchagua Mzee Étienne Tshisekedi awe Waziri Mkuu. Mobutu hakumwachia hazina wala jeshi, na kabla mwaka haujaisha akamwondoa. Mzee yule akaendelea kusema hapana. Alisema hapana kwa Mobutu, kwa Kabila baba, na kwa Kabila mwana. Uchaguzi wa mwaka 2006 aliususia. Ule wa mwaka 2011 alitangaziwa kwamba ameshindwa, akakataa matokeo, akajiapisha mwenyewe nyumbani kwake Limete. Alifariki Brussels tarehe 1 Februari 2017, na maiti yake ikakaa Ubelgiji miaka miwili na zaidi, mpaka mwanawe alipokwisha kuwa Rais ndipo ikarudishwa kuzikwa, mwezi wa Mei 2019.

Tumeyaeleza hayo ili asije mtu akasema gazeti hili lina chuki na UDPS. Chama cha upinzani kilichovumilia miaka 37 kinastahili heshima. Lakini kwa sababu hiyo hiyo deni lake ni kubwa kuliko la wengine. Ahadi ni deni, nacho kiliahidi jambo moja kubwa: kwamba katika Kongo mtawala atawekwa na kura ya wananchi, wala si mapatano ya wakubwa usiku.

Tuone basi kiliingiaje.

Tarehe 11 Novemba 2018 wakubwa saba wa upinzani walikutana Geneva, wakakubaliana wamsimamishe mtu mmoja, Bwana Martin Fayulu. Wakatia sahihi. Haikupita siku mbili, Bwana Félix Tshisekedi na Bwana Vital Kamerhe wakaziondoa sahihi zao, wakisema wafuasi wao wamekataa. Tarehe 23 Novemba wawili hao wakaenda Nairobi wakatia sahihi mapatano yao wenyewe. Tarehe 30 Desemba watu wakapiga kura. Ila si wote. Siku chache kabla, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura siku hiyo kwa sababu ya ugonjwa wa Ebola na vita, na Yumbi, kule magharibi, kwa sababu ya mauaji yaliyotokea. Wangepiga mwezi wa Machi. Machi! Rais alikuwa anaapishwa Januari. Watu wa Beni waliona dhihaka hiyo, wakapanga safu wenyewe siku ile ile ya uchaguzi, wakapiga kura yao ambayo hakuna mtu aliyeihesabu ila wao.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari 2019 tume ikasoma matokeo: Tshisekedi kura 7,051,013, Fayulu kura 6,366,732, Shadary, mtu wa Kabila, kura 4,357,359. Maaskofu wa Katoliki, waliokuwa na watazamaji karibu 40,000 vituoni, wakasema matokeo hayo hayalingani na yale waliyoyaona wao. Umoja wa Afrika ukasema una mashaka makubwa. Mahakama ya Katiba haikuwa na mashaka yoyote.

Sasa tuweke pembeni maneno ya maaskofu. Tuchukue hesabu ya tume yenyewe, tuiamini yote kama ilivyosomwa. Kati ya wa kwanza na wa pili ni kura 684,281. Waliozuiwa Beni, Butembo na Yumbi walikuwa zaidi ya watu 1,200,000 waliokwisha kuandikishwa. Hesabu hii mtoto wa shule anaiweza. Watu walioachwa nje walikuwa wengi kuliko tofauti iliyompa mtu urais. Kwa hiyo hata tukisema hapakuibwa kura hata moja, Rais alipatikana kabla ya wenye kuamua kusema. Na kumbukeni pia kwamba duru ya pili ilikuwa imekwisha kufutwa na Kabila mwaka 2011, alipobadili katiba ili mtu ashinde kwa kura chache. UDPS kilipiga kelele sana siku zile juu ya duru ya pili. Mwaka 2018 duru moja ile ile ikakipa ushindi kwa kura 38 katika kila 100, na hatujasikia tena habari ya duru ya pili.

Ndugu zetu wengi walicheza ngoma siku ile, na hatuwalaumu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uhuru wa 1960 Rais wa Kongo anamkabidhi mwenzake kiti bila risasi. Tena mwezi wa Septemba 2019 serikali mpya ikatangaza shule za msingi za Leta ni bure. Lakini kiti alichokalia Tshisekedi kilikuwa kiti kitupu. Wabunge wa Kabila walikuwa zaidi ya 300 katika 500, na UDPS chenyewe hakikufika 50. Baraza la mawaziri lilikuwa lao nusu na zaidi. Magavana walikuwa wao karibu wote. Bwana mpya alikuwa na bendera na wapiga tarumbeta.

Ilipofika tarehe 6 Desemba 2020 akavunja ushirika na Kabila. Sasa mtu angetarajia kwamba chama cha kura kitarudi kwa wapiga kura na kusema: tumekosana, tuamueni. Haikuwa hivyo. Wabunge wale wale waliokula meza ya Kabila walihamia meza ya Tshisekedi, wakaita uhamisho wao Umoja Mtakatifu, na katika muda wa majuma machache wachache wakawa wengi. Mpiga kura wa Masisi aliyempa mbunge kura awe upande mmoja alisikia redioni kwamba mbunge wake yuko upande wa pili. Hakuulizwa.

Na hapa pana jambo ambalo kila mchimbaji wa Rubaya yapasa alijue na alikumbuke. Ni nani aliyesoma matokeo yale ya Januari 2019? Ni Bwana Corneille Nangaa, aliyekuwa mkubwa wa tume ya uchaguzi. Na ni nani aliyesimama Nairobi tarehe 15 Desemba 2023, siku tano kabla ya uchaguzi uliofuata, akatangaza muungano wa kisiasa na kijeshi pamoja na M23? Ni Bwana Corneille Nangaa huyo huyo. Tarehe 27 Januari 2025 muungano wake ukaingia Goma. Mtu aliyemtangaza Tshisekedi kwa karatasi ndiye aliyekuja kumtoa Goma kwa bunduki. Mwaka 2023 yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kusema hadharani kwamba mapatano kati ya Kabila na Tshisekedi yalikuwepo. Naye Kabila, mshirika wa mwaka 2019, alihukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi tarehe 30 Septemba 2025 bila mwenyewe kuwapo, kwa shtaka la uhaini. Watu watatu waliokula sahani moja, leo kila mmoja amwita mwenziwe msaliti, na ukiuliza vita vyao vinapiganwa wapi utaambiwa Masisi, Rutshuru na Walikale. Havipiganwi Gombe.

Tunataka hili lieleweke vizuri. Hatusemi vita vya Masisi vilianza na uchaguzi wa 2018. Vina mizizi mingi, na Kigali ina mkono wake, mkono ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameueleza mara nyingi. Tunachosema ni kwamba serikali iliyowekwa kwa mapatano ya wachache haikuwa na nguvu ya kusimama mbele ya wananchi na kuwaambia, ninyi ndio mlioniweka, twendeni pamoja. Ilitawala Kivu yetu jinsi mtu anavyokaa katika nyumba ya kupanga.

Ushahidi huu hapa. Tarehe 6 Mei 2021 utawala wa dharura wa kijeshi ulianza katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Gavana wetu, aliyechaguliwa na wajumbe wa mkoa, akaondolewa, akaletwa jenerali. Katika miji na teritware askari na polisi wakakalia viti vya raia. Tuliambiwa ni kwa siku chache, ili amani irudi upesi. Ukaongezwa, ukaongezwa tena, tukachoka kuhesabu. Amani haikurudi. M23, walioshindwa mwezi wa Novemba 2013, walianza tena mwezi wa Novemba 2021, yaani chini ya utawala huo huo wa majenerali. Tarehe 26 Januari 2023 wakaingia Kitchanga. Tarehe 30 Agosti 2023, mjini Goma, askari wa Leta waliua watu zaidi ya 40 waliokuwa wakijiandaa kuandamana, nao walikuwa raia wasio na bunduki. Ikiwa Wabelgiji wangefanya hivyo tungewaita wakoloni. Sasa tuwaite nini hawa?

Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023. Uandikishaji wa wapiga kura ulifika Kivu ya Kaskazini mwezi wa Februari mwaka huo, wakati barabara ya Sake kwenda Kitchanga, inayopita hapa Kirolirwe, ilikuwa barabara ya vita. Masisi na Rutshuru hazikupiga kura. Tshisekedi akatangazwa kwa zaidi ya kura 73 katika kila 100. Wapiga ngoma wa Kinshasa wakasema nchi nzima imesema. Nchi nzima! Teritware mbili zenye watu wengi namna hii, zenye maziwa, jibini, viazi na maharage yanayolisha Goma, zenye mawe ambayo dunia inayapigania, zilihesabiwa kuwa si sehemu ya nchi nzima.

Watatujibu: vita. Mngepigaje kura katikati ya risasi? Jibu hilo tunalijua, na halitoshi. Mwaka 2006, Laurent Nkunda akiwa na askari wake katika milima hii hii ya Masisi, tulipiga kura. Masanduku yalipanda milimani, yakateremka. Mwaka 2018, makundi ya bunduki yakiwa kila kilima, na mengine yakiwaambia watu wampe kura nani, Masisi ilipiga kura. Basi vita peke yake havikuwahi kuwa sababu. Sababu ni kwamba mwaka 2023 hakukuwa na mtu Kinshasa aliyehitaji kura zetu ili ashinde. Chama kilichopata 73 katika 100 kingetusubiri kwa faida gani?

Na kama mtu bado ana shaka, aangalie habari ya Masimanimba na Yakoma. Huko, mwaka 2023, wizi wa kura ulikuwa mkubwa hata tume ya uchaguzi yenyewe ikafuta matokeo. Tarehe 15 Desemba 2024 masanduku yakarudishwa, watu wa huko wakapiga kura mara ya pili. Vizuri sana, tunawapongeza. Lakini siku hiyo Masisi haikupiga hata kura ya kwanza. Mahali palipoibwa pamerudiwa. Mahali palipokimbiwa pameachwa. Nchi imetufundisha kwamba ingekuwa heri tungeiba.

Wapo wazee wengine, tena wenye nia njema, wanaosema kura ndiyo iliyotuletea taabu Masisi. Wanakumbuka mwaka 1991, vyama vilipofunguliwa, Leta ilipoanza kuhesabu nani ni Mkongo na nani si Mkongo, na ofisi za kuandikia watu zikashambuliwa. Wanakumbuka tarehe 20 Machi 1993 huko Ntoto, Walikale, watu walipouawa sokoni, na moto ule ukaenea Masisi yote mpaka wakafa maelfu, Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi, bila kubagua mwenye kosa na asiye na kosa. Tunawaheshimu wazee hao, maana walizika watu wao. Lakini walichokiona mwaka 1991 kilikuwa hesabu ya nani asipige kura. Sheria ya 1972 ilitoa uraia kwa watu, ya 1981 ikaunyang'anya, na kila mwanasiasa aliyeogopa kushindwa alitafuta jirani wa kumfuta katika daftari. Mtu akifutwa katika daftari hutafuta bunduki, au huja mwenye bunduki akasema, mimi nitakuwa daftari lako. Ndivyo Nkunda alivyosema alipokuwa na ngome yake hapa Kirolirwe. Na ndivyo wanavyosema waliomfuata.

Basi na hao tuwaambie neno lao, maana gazeti hili haliuzi ubani kwa upande wowote. Ninyi wa AFC na M23 mnasema mmekuja kuwakomboa watu wa Masisi na serikali ya Kinshasa isiyochaguliwa kwa haki. Je, ninyi mmechaguliwa na nani? Mlipoingia Goma mlimweka gavana wenu siku chache baadaye. Aliandikiwa wapi? Alishindana na nani? CNDP, mama wa M23, ilikuwa chama cha kisiasa mwaka 2011, ikapata nafasi ya kuonyesha jinsi inavyopenda kura. Ikawaje? Matokeo ya ubunge ya Masisi yalikuwa miongoni mwa yale ambayo tume ya uchaguzi yenyewe iliomba yafutwe, kwa kuwa wenye bunduki walikuwa wamesimama vituoni. Tulinyimwa kura yetu na waliojiita watetezi wetu kabla UDPS hakijaingia popote.

Mchimbaji wa Rubaya anajua zaidi kuliko sisi. M23 waliuchukua mji huo mwishoni mwa Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwisho wa mwaka ule kwamba waasi walikuwa wakipata kiasi cha dola 800,000 kila mwezi kwa kutoza kodi mawe ya koltani, na kwamba mawe yalikuwa yakivushwa kwenda Rwanda, tani 120 na zaidi kwa mwezi. Rubaya inakisiwa kutoa koltani kiasi cha sehemu 15 katika 100 ya dunia nzima. Raia walitolewa majumbani kufanya salongo ya kupanua barabara ya kupitishia malori ya mawe hayo. Salongo! Neno la Mobutu, tulilodhani limezikwa naye. Babu zetu walipigwa fimbo na Wabelgiji watengeneze barabara ya kupitisha mali ya kampuni. Wajukuu wakatengeneza barabara ile ile kwa amri ya watu wanaojiita wakombozi. Na kwa upande wa pili wa mlima wako wanaojiita wazalendo, wenye vizuizi vyao, jetoni zao na kodi yao ya lala salama. Mwanamke mwenye kapu la viazi hulipa kwa huyu, hulipa kwa yule, akifika sokoni ameuza viazi vya watu wengine.

Mwezi wa Juni 2025 Kongo na Rwanda zilitia sahihi mapatano Washington, na mwezi wa Julai Kinshasa na AFC/M23 wakatia sahihi tamko lao huko Doha. Hatukatai amani, hata ikisainiwa mwezini. Lakini habari ya madini ilikuwamo katika mazungumzo ya Washington, na katika chumba kile hakukuwa na mtu mmoja aliyetumwa na wachimbaji. Angetumwa vipi? Masisi haikumchagua mbunge mwaka 2023. Kivu ya Kaskazini ilikuwa na gavana wa Kinshasa aliyevaa magwanda na gavana wa waasi asiyeulizwa na mtu. Wakubwa walijadili jasho letu na wenye jasho hawakuwa na pa kupitishia neno. Hiyo ndiyo faida ya kura ambayo wenye kucheka hawaioni: ni tikiti ya kuingia chumba ambamo bei ya jiwe lako inakatwa.

Tuchukue mfano wa majirani zetu wa Zambia. Huko, mwaka 1991, wachimbaji wa shaba na vyama vyao vya wafanyakazi walikitoa chama cha Kaunda kilichotawala miaka 27, wakamweka Frederick Chiluba, mtu wa vyama vya wafanyakazi. Kaunda alikubali kushindwa akaenda nyumbani. Kisha Chiluba akaiuza migodi, na maelfu ya watu waliomweka wakapoteza kazi. Mwaka 2001 akataka kipindi cha tatu. Lakini wafanyakazi, makanisa, wanasheria, hata watu wa chama chake mwenyewe, wakamwambia hapana, akaondoka. Waliweza kusema hapana kwa sababu wao ndio waliosema ndiyo, tena kwa hesabu inayojulikana, kila mkoa kwa kura zake. Sisi wa Masisi tukimwambia Rais hapana atatujibu nini? Atasema: ninyi, nani aliwauliza?

Na siku ya kusema hapana haiko mbali. Tarehe 23 Oktoba 2024, huko Kisangani, Bwana Tshisekedi alitangaza kwamba anataka katiba ibadilishwe, na wakubwa wa UDPS wamekuwa wakilisukuma jambo hilo tangu hapo. Kifungu cha 220 cha katiba kinakataza kugusa idadi na urefu wa vipindi vya Rais. Ni nani waliokufa kwa ajili ya kifungu hicho? Mwezi wa Septemba 2016, Kabila alipotaka kuteleza kupita muda wake, vijana waliingia barabarani Kinshasa, wengi wao wa UDPS, na wengi waliuawa. Ofisi ya chama chao huko Limete ilichomwa moto usiku na watu wakiwa ndani. Damu hiyo haijakauka vizuri, na leo chama cha marehemu hao ndicho kinachokiita kifungu kile kikwazo. Tunawaomba wanachama wa UDPS waliopo Goma, Walikale na mahali popote, wale wa zamani waliobeba kadi wakati kadi ilikuwa hatari, wawaulize viongozi wao jambo hili mkutanoni, kwa sauti. Sisi tukiuliza tutaitwa waasi. Ninyi hamwezi kuitwa hivyo.

Maana kama kura ya kubadili katiba itaitishwa, nani ataipiga? Ikiwa ni kwa daftari lile lile la 2023, Masisi na Rutshuru hazimo. Watabadili sheria ya kututawala bila sisi, na watasema tena nchi nzima imesema. Kwa hiyo madai yetu ni haya, nayo ni madogo. Lisiwepo swali lolote la katiba mbele ya wananchi kabla daftari la wapiga kura halijafunguliwa Masisi na Rutshuru, na kwa wakimbizi wa huko popote walipolala. Mwenye kuzuia ofisi ya uandikishaji isifunguliwe Kirolirwe, awe ni jenerali wa Kinshasa au kamanda wa waasi, atajwe jina lake na tume ya uchaguzi, si kusema tu hali ya usalama. Na wakati wa kampeni, atakayekuja na fulana na pombe aulizwe kwanza wapi watu wa hapa wataandikwa, kabla hajapewa kiti.

Neno moja la mwisho ni kwa wachimbaji na madereva wa chukudu wanaosimamishwa kizuizini kila siku. Katika Kongo kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha mtu maskini, kwa kuwa kingine hapewi. Wasioandikwa mwaka 2023 hawakukosa kura tu, walikosa na karatasi ya kuonyesha kwamba wao ni watu wa hapa. Wengi mnazo kadi za uandikishaji wa 2016 na 2017, zimefutika picha, zimevunjika pembe. Tunasikia baadhi yenu mnazitupa au mnazichoma kwa hofu ya kizuizi hiki au kile. Msizitupe. Zifungeni katika plastiki, zifukieni ikiwa lazima, na mwandike namba yake mahali pengine. Siku ofisi itakapofunguliwa atakuja mtu na kitabu kipya, atauliza nani alikuwa mkaaji wa Kirolirwe kabla ya vita, na kutakuwa na watu wengi sana watakaopenda msiwe na jibu.